Injini ndogo ya zamani: ukomo wa resi uliwekwa na nani?

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze injini. Najua wengine mtauliza huyu mwandishi wa habari kaanza lini ufundi. Vumilieni. Ndani ya habari hii kuna kodi, kuna serikali, kuna wakubwa wanaoamua mambo ofisini na wadogo wanaoyalipia barabarani. Kwa hiyo sijatoka mbali sana na kazi yangu ya kila siku.

Swali lenyewe ni hili. Una gari dogo la zamani, tuseme Morris Minor aliyoiacha babu au Mini ya miaka ya sitini. Limefanyiwa ovaholi, limepigwa rangi, linawaka kwa ufunguo mmoja. Je, injini yake uiruhusu kufika mizunguko mingapi kwa dakika kabla hujaiua? Vijana wanaofufua magari haya huulizana sana swali hili, na jibu wanalopeana mara nyingi ni namba iliyookotwa tu: "Elfu saba haina noma, mbona Cooper S zilikuwa zinapiga huko!"

Ni kweli, Cooper S za mashindano zilipiga huko. Lakini injini ya Cooper S na ile iliyoko kwenye Minor ya babu ni ndugu wa ukoo mmoja, siyo mtu yule yule. Ukiziweka sakafuni pamoja unaweza kudhani ni pacha. Tofauti iko ndani, na ilimgharimu mtu pesa. Anayeazima namba ya Cooper S bila kulipia vile vilivyoibeba namba hiyo, siku moja atasikia mlio mmoja mkubwa, kisha ataona konrodi imetoboa bloki na kuchungulia nje. Na bloki za magari haya hazitengenezwi tena kiwandani kama zamani.

Kwanza nikupe kitu kilichonishangaza. Mini ya kwanza, iliyotangazwa tarehe 26 Agosti 1959, haikuwa na saa ya mizunguko. Katikati ya dashibodi palikuwa na saa moja kubwa ya spidi yenye kipimo cha petroli ndani yake, basi. Hata Mini Cooper S, gari lililozaliwa kwa ajili ya mashindano, lilitoka kiwandani likiwa na kipimo cha presha ya oili na cha joto la maji, lakini saa ya mizunguko hakuna. Ule mstari mwekundu tunaouona kwenye magari ya leo haukuwepo. Dereva alitakiwa kusikiliza. Maana yake ni kwamba anayetaka ukomo wa injini hizi leo lazima auchague mwenyewe, na ili auchague vizuri ni lazima ajue injini yake ilitoka wapi.

KODI ILIYOREFUSHA INJINI

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini klabu ya magari ya Uingereza, RAC, ilitunga kanuni ya kukadiria nguvu ya injini bila kuipima. Chukua upana wa silinda kwa inchi, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, gawanya kwa 2.5. Umemaliza. Waliotunga kanuni hiyo walichukulia kwamba pistoni ya gari haizidi mwendo wa futi 1,000 kwa dakika. Kwa magari ya wakati ule hilo halikuwa kosa kubwa.

Tatizo lilikuja serikali ilipoigeuza kanuni hiyo kuwa mzani wa kodi. Kuanzia 1921 mwenye gari Uingereza alilipa pauni moja kwa mwaka kwa kila nguvu moja ya farasi ya karatasini. Ford Model T ya Marekani, yenye silinda pana, ilidaiwa pauni 23. Sasa itazame tena ile kanuni: inauliza upana wa silinda tu. Safari ya pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka, haiulizwi kabisa! Mhandisi yeyote mwenye akili angefanya nini? Angetengeneza silinda nyembamba na ndefu. Upana unatozwa kodi, urefu ni bure.

Ndivyo ilivyozaliwa Austin Seven mwaka 1922. Herbert Austin aliichora nyumbani kwake akisaidiwa na kijana wa miaka 18, Stanley Edge, kwenye chumba cha kuchezea biliadi. Injini iliyozoeleka ya gari hilo ilikuwa na sentimita za ujazo 747, silinda nne zenye upana wa milimita 56, na pistoni iliyosafiri milimita 76.2, yaani inchi tatu kamili. Weka kwenye kanuni unapata 7.8. Kodi: pauni nane. Hata jina "Seven" lilitoka kwenye karatasi ya mtoza kodi.

Na kwa safari ya inchi tatu, ile dhana ya futi 1,000 kwa dakika ni sawa na mizunguko 2,000 tu. Yaani kwa injini kama hii, sheria ilidhani inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Wenye gari hawakusoma sheria hiyo, walikanyaga mafuta. Krankshafti ya Austin Seven ya mwanzo ilishikwa na beringi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, katikati hakuna kitu. Ukiizungusha sana ilipinda kama kamba ya kurukia wanayozungusha watoto, ikinyooka na kupinda. Beringi ya katikati iliongezwa 1936. Hata hivyo, kwenye gari hili hili ndiko walikoanzia Colin Chapman wa Lotus na Bruce McLaren. Vijana hawajaanza leo kukanyaga kuliko inavyotakiwa.

KWA NINI UREFU NI ADUI WA RESI

Hapa tufanye hesabu kidogo, msinikimbie. Kila krankshafti ikizunguka mara moja, pistoni hupanda na kushuka. Kwa hiyo mwendo wake wa wastani ni safari mara mbili, zidisha kwa mizunguko. Safari ikiwa ndefu, pistoni inakimbia zaidi kwa mizunguko ile ile. Ndiyo maana kusema "elfu saba" bila kutaja safari ni sawa na kusema bei bila kutaja sarafu. Injini za Formula 1 za lita 2.4 ziliwekewa ukomo wa mizunguko 18,000 mwaka 2009. Namba ya kutisha, lakini pistoni zao zilisafiri chini ya milimita 40, kwa hiyo mwendo wake wa wastani ulikuwa kama mita 24 kwa sekunde. Uzungushe injini yenye safari ya milimita 83 hadi 8,700 tu na umeshafika huko huko, ukiwa na vyuma vya 1962.

La pili ni baya zaidi. Pistoni haikimbii tu, inasimama kabisa juu na chini kisha inarudi. Nguvu inayoivuta konrodi wakati wa kugeuka haikui sambamba na mizunguko, inakua kwa mizunguko mara yenyewe. Ukitoka 5,500 kwenda 6,500 umeongeza mizunguko kwa asilimia 18, lakini mzigo kwenye konrodi na bolti zake umeongezeka kwa karibu asilimia 40. Kwenye Mini ya kawaida ikiwa 5,500, pistoni inapogeuka juu huvuta kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ya uzito wake. Pistoni ya robo kilo inakuwa zaidi ya robo tani inayoning'inia kwenye bolti mbili. Na wakati wa hatari kuliko yote ni pistoni inapomaliza kusukuma moshi nje, kwa sababu pale juu hakuna hewa iliyobanwa ya kuipokea. Bolti peke yake ndiyo inayosema "rudi".

WAJERUMANI WALIOIZIBA PUA

Kuna waliolijibu swali hili kwa njia nyingine kabisa. Volkswagen ile ya mgongo wa duara, iliyobuniwa na Ferdinand Porsche miaka ya 1930, ilikusudiwa kukimbia kutwa nzima kwenye barabara kuu za Ujerumani mguu ukiwa chini kabisa. Pistoni yake ilisafiri milimita 64 tu, fupi kuliko zote nilizotaja za Waingereza. Ungetegemea iwe bingwa wa resi. Wapi! Injini ya 1200 iliyoanza 1954 ilitoa nguvu zake 30 za farasi kwenye mizunguko 3,400 tu.

Sababu ni kabureta ndogo na bomba jembamba la hewa. Injini ilikuwa inazibwa pua kwa makusudi. Ukikanyaga zaidi hewa haitoshi, nguvu inashuka, na injini inakataa yenyewe. Kwenye 3,400 pistoni inatembea mita 7 na kitu kwa sekunde, matembezi ya jioni. Ukomo wa usalama haukuandikwa kwenye saa, ulijengwa ndani ya koo la injini.

Matokeo tunayajua hata huku kwetu. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen 1200, wakati magari yenye nguvu zaidi yalikuwemo kwenye mashindano hayo hayo. Kwenye vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika, injini isiyoweza kujiua ilikuwa mali kuliko injini yenye mbio.

KUTOKA MINI HADI COOPER S

Waingereza waliendelea na njia yao. Mwaka 1951 Austin walitoa A30 yenye injini mpya ya sentimita za ujazo 803, iliyokuja kuitwa A-series. Kodi ya upana ilikuwa imeshafutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini mazoea hayafutwi na bunge: silinda ilikuwa na upana wa milimita 58 na safari ya 76.2. Inchi tatu zile zile za Austin Seven! Safari hii, angalau, krankshafti ilishikwa na beringi tatu. Austin na Morris walipoungana 1952 kuwa BMC, injini hiyo ikaingia kwenye Morris Minor, ikapanuliwa hadi 948 mwaka 1956, kisha 1098 mwaka 1962 ambapo safari ilirefushwa hadi milimita 83.7.

Alec Issigonis alipokuwa akitengeneza Mini, magari ya majaribio yalikuwa na injini ya 948. Yalikimbia mno kwa gari la familia. Dawa ilikuwa kufupisha safari ya pistoni hadi milimita 68.3, ikawa injini ya 848 yenye nguvu 34 za farasi kwenye mizunguko 5,500. Bila kelele nyingi, wakawa wamepata injini inayovumilia mizunguko kuliko mama yake.

Kisha akaja John Cooper, ambaye magari yake yalikuwa yamechukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960. Mini Cooper ya 1961 ilihitaji ujazo wa karibu lita moja, na njia ya haraka ilikuwa ile ya zamani: kurefusha. Safari ikawa milimita 81.3, nguvu 55 kwenye mizunguko 6,000. Piga hesabu: pistoni inatembea zaidi ya mita 16 kwa sekunde. Injini hiyo ya 997 haikusifiwa kwa utulivu, na kufikia 1964 BMC walikuwa wameibadilisha na ya 998 yenye safari ya 76.2. Nguvu zile zile 55, pistoni imepumzika.

Cooper S ya 1963 ndiyo iliyofanya kazi ya kweli. Silinda zilipanuliwa hadi milimita 70.6, safari ya 1071 ikabaki ile fupi ya 68.3. Krankshafti ilitengenezwa kwa chuma bora na uso wake ukafanywa mgumu kwa kupashwa moto ndani ya gesi yenye naitrojeni. Mbele yake kikawekwa kizuizi cha mtetemo, kwa sababu krankshafti ikizunguka sana hujisokota kama nguo inayokamuliwa, na ikifika mizunguko fulani msokoto huo hujilisha wenyewe hadi chuma kinakatika. Gari hilo ndilo Paddy Hopkirk alilochukulia Monte Carlo Rally ya 1964. Mwaka huo huo ikaja ya 970 yenye safari ya milimita 61.9 tu. Ingelazimika kufika karibu mizunguko 7,900 ndipo pistoni zake zikimbie sawa na zile za 997 kwenye 6,000.

Umeona sasa? Kila mara namba ilipopanda, kuna aliyelipa kwanza. Chuma kilinunuliwa, safari ilifupishwa, springi za valvu ziliongezwa nguvu, halafu ndipo resi zikaruhusiwa. Hakuna aliyeanza na namba.

SASA WEWE UCHAGUE VIPI?

Kwanza, jua ni injini gani iko ndani. A-series zinaingiliana, na gari la miaka sitini limeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Usiamini nembo ya mbele. Soma namba ya injini, na kama imefunguliwa pima safari ya pistoni.

Pili, tafuta mwendo wa barabarani wa kudumu. Magazeti ya magari ya Uingereza enzi hizo yalikuwa na kipimo chao: yakijaribu gari yalieleza spidi yake pale pistoni inapofika futi 2,500 kwa dakika, yaani mita 12.7 kwa sekunde. Huo ndio mwendo waliouona wa kukaa nao kwa muda mrefu. Kwa Mini ya 848 ni kama mizunguko 5,600. Kwa 948 na 998 ni 5,000. Kwa 1275 yenye safari ya 81.3 ni 4,700 hivi, na kwa 1098 ni kama 4,550. Angalia vizuri: kwa jumla injini kubwa ndizo zenye namba ndogo. Wengi hudhani kinyume.

Tatu, ukomo wa kugusa na kuachia, kwa mfano unapolipita lori. Mimi ningeanzia pale kiwanda kiliposema nguvu inafika kileleni, na nisingezidi hapo kwa zaidi ya 500, tena kwa injini iliyo nzima. Siyo woga. Kwenye A-series silinda mbili mbili zinagawana tundu moja la kuingizia hewa, kwa hiyo ukivuka kilele bila kubadilisha kitu unapata kelele na moto, mbio hupati. Juu zaidi springi za valvu zinashindwa kuifunga valvu kwa wakati. Unahatarisha injini kwa faida ya sifuri.

Nne, punguza umri. Chuma kina kumbukumbu. Kila mzunguko wa fujo tangu 1965 umeacha alama ndani ya konrodi, hata kama macho hayaoni. Bolti za zamani za konrodi zitupwe, ununue mpya; krankshafti ipimwe nyufa; presha ya oili iangaliwe injini ikiwa imepata moto, siyo asubuhi. Kwenye Mini, injini na gia zinatumia oili moja, na meno ya gia huisaga oili hiyo ikachoka mapema. Oili iliyochoka huua metali za konrodi, na injini iliyokwisha kunoki haina ukomo wa usalama wowote.

Tano, kuna vifaa vya kisasa vya kukata moto injini ikifika namba uliyoiweka. Wazo si geni, Lotus Elan za miaka ya 1960 zilikuwa na rota ya distributa iliyokata moto mizunguko ikizidi. Kifunge, lakini kijue kinachoweza na kisichoweza. Kinazuia mguu wako, hakizuii mkono wako. Ukikosea gia ukatoka ya nne ukaingiza ya pili ukiwa na kasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hapo kukata moto hakusaidii chochote. Kwenye gia ya nne Mini ya 848 hutembea kama kilomita 24 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000, kwa hiyo kwenye tambarare haifiki 5,500 hata ukikanyaga hadi chini. Hatari iko kwenye gia za chini na kwenye mteremko.

Kwa kifupi, ukomo wa resi ni uwezo wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndani ya injini yako, siyo kile kilicho imara kuliko vyote ndani ya injini ya Hopkirk. Wabunge wa 1921 walirefusha injini za watu kwa kanuni ya upana bila hata kujua, na wahandisi walitumia zaidi ya miaka arobaini kuzifupisha tena. Urithi huo bado uko ndani ya bloki hiyo iliyoko gereji kwako.

Wenye Minor, Mini na Volkswagen, leteni maoni. Nyie mnaishia ngapi, na mliipataje hiyo namba?